Majina Matatu ya Barbara Mertz



Mwenzangu mmoja aliposikia mada ya mhadhara huu wa kwanza wa uprofesa wangu, aliniuliza kama nimeishiwa. Kitabu nilichochagua kinaitwa Die for Love, kilitoka mwaka 1984, na jaladani kina jina la Elizabeth Peters. Watunzi wa riwaya za mapenzi wamekusanyika kongamanoni Manhattan, na mwandishi wa safu ya udaku anakufa. Anayechunguza si askari. Ni Jacqueline Kirby, mkutubi kutoka Nebraska.

Hii ni riwaya ya upelelezi ya upole. Damu haitapakai ukurasani, washukiwa wanajuana, na silaha kubwa ya mpelelezi ni kusikiliza. Wasomaji wa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla wanaijua ladha hiyo. Kiko na maswali yake viko mbali kabisa na bastola ya jasusi Willy Gamba.

Lakini kwa nini watunzi wa mapenzi? Wengi hujibu kwamba ni kwa sababu wanachekesha, na kweli Peters anawacheka bila huruma. Mimi naona sababu iliyo nzito zaidi: majina. Mpelelezi yeyote huanza kwa kuuliza, “Wewe ni nani?” Katika kazi ya kutunga riwaya za mapenzi, swali hilo halina jibu jepesi. Miaka ya sabini, Wamarekani walimsoma kwa pupa Jennifer Wilde, mtunzi wa Love's Tender Fury, na Jennifer huyo alikuwa mwanamume wa Texas, Tom Huff. Hakuna kosa hapo. Ndivyo soko lilivyotaka. Basi mweke mkutubi katika ukumbi wa watu wa namna hiyo, ambao riziki yao ni kubuni wivu, usaliti na visasi vya wapendanao. Uongo, ambao kwingine ungekuwa dalili ya hatia, hapa ni ufundi wa kazi. Kirby analazimika kutenganisha anayedanganya kwa mazoea na anayedanganya kwa hofu.

Peters aliijua hali hiyo kwa sababu naye hakuwa Peters. Alikuwa Barbara Mertz, aliyepata shahada ya uzamivu ya masuala ya Misri ya kale katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1952. Vitabu vya kitaaluma alivitia jina lake halisi. Riwaya za majumba yenye mizimu alizitoa kama Barbara Michaels. Za upelelezi alizitia jina lililotokana na watoto wake wawili, Elizabeth na Peter. Sioni kwamba alijificha. Naona alimpa kila msomaji ahadi yake, kama mama ntilie anayeandika ubaoni chakula kilichopo leo.

Kirby mwenyewe, kabla kitabu hakijaisha, ameshashika kalamu kuandika riwaya ya mapenzi. Kisa chake kilichofuata, Naked Once More cha 1989, kilishinda tuzo ya Agatha ya riwaya bora. Tuzo hiyo ina jina la Agatha Christie, ambaye naye aliandika riwaya sita zisizo za upelelezi kwa jina la Mary Westmacott, akaitunza siri hiyo karibu miaka 20. Mshindi hapewi kombe. Hupewa birika la chai.