Mbu wa Bagamoyo, Majaruba ya Mabogini

Msikilizaji, teremka Mabogini jioni, mpunga ukiwa umeshapandikizwa. Maji ya majaruba yametulia, ng'ombe amefungwa nyuma ya nyumba, na mbu wameanza kukuimbia masikioni. Sisi wa mlimani tumezoea kusema homa inakaa tambarare, na penye mpunga ndipo makao yake makuu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu Lower Moshi, eneo lenye Mabogini, ulikuta kinyume. Kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi kuliko kijiji cha nyika, lakini maambukizi ya malaria yalikuwa machache. Wenye mpunga walikuwa na fedha zaidi kidogo, na mwenye fedha hununua chandarua. Tena mbu wa huku, Anopheles arabiensis, si lazima ang'ate mtu. Ng'ombe akiwapo, humnyonya huyo.

Ndiyo maana habari za Bagamoyo zilinikalisha kitako. Mwishoni mwa 2025, jarida la Nature lilichapisha kazi ya Taasisi ya Afya Ifakara, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Imperial College London. Katika maabara iliyofungwa huko Bagamoyo wamemtengeneza mbu wa aina ya Anopheles gambiae na kumpandikizia jeni mbili za kigeni: moja asili yake chura, nyingine nyuki. Cheka tu, hata mimi nilicheka. Mbu huyo akishanyonya damu, tumbo lake hutoa protini zinazokidumaza kimelea. Kimelea huhitaji zaidi ya siku 10 kukomaa ndani ya mbu; kikichelewa, mbu anakufa kabla hakijafika kwenye mate. Hawakumuua mbu, wamemharibia mzigo. Na walimjaribu kwa vimelea vilivyotoka katika damu ya watoto wagonjwa wa hapa nchini, si vile vilivyozoea kufugwa maabara. Kwangu mimi, uzito wa kazi uko hapo.

Ila mbu huyo si wetu. Gambiae na arabiensis wamefanana hadi darubini inashindwa kuwatenganisha, mpaka wapimwe vinasaba, lakini lililofanya kazi kwa mmoja itabidi lipimwe upya kwa mwingine.

Halafu kuna suala la kumwachia mbu huyo nje ya maabara. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba pale Makutupora, Dodoma, na hindi angalau linakaa shambani mpaka livunwe. Kwa mbu, lengo ni jeni yake irithiwe na karibu watoto wote, badala ya nusu kama ilivyo kawaida, isambae yenyewe kijiji hadi kijiji. Wa Bagamoyo hawajaachiwa, na kipande cha vinasaba cha kuisambaza jeni hivyo hawakuwekewa.

Mtu anayeombwa damu ya utafiti hospitalini husomewa fomu. Akikubali anasaini, akikataa anachukua kofia yake na kwenda zake. Mbu akishaachiwa kwenye majaruba ya Mabogini, mkulima aliyekataa ataenda wapi?