TANDIKO CHINI YA MAJANI MABICHI

Fungu la kusoma: Marko 7:1-13

Ikiwa unayo Biblia karibu nawe, fungua Injili ya Marko, sura ya 7, usome mstari wa 1 mpaka wa 13.

Mbele ya kanisa moja tulilotumikia huko nyanda za juu palikuwa na uwanja wa majani. Ni yale majani yanayoitwa ya Kikuyu, ambayo asili yake ni milima yetu hii ya Afrika Mashariki, na ambayo watu wameyachukua wakayapanda hata Afrika Kusini na Australia. Hapo maarusi walipigwa picha, na watoto wa Shule ya Jumapili walicheza. Lakini uwanja ule ukaanza kuugua. Ukiukanyaga, mguu ulibonyea kama juu ya godoro. Mvua ikikatika juma moja tu, majani yaligeuka manjano, hali malisho ya jirani yangali mabichi.

Halmashauri ya parishi ikakutana. Tukanunua mbolea. Tukaagiza uwanja unyunyiziwe maji kila jioni. Hali ikazidi kuwa mbaya. Mzee aliyeutunza akatuambia, "Kasisi, majani haya hayana njaa wala kiu. Yamejilalia yenyewe. Niruhusuni niyakwangue." Hatukumsikiliza. Tulisema amezeeka na amekuwa mvivu, tukampunguzia siku za kazi.

Siku moja mzee huyo alichukua kisu, akakata kipande cha uwanja kama mtu akatavyo keki, akakileta mezani tulipokuwa tukikutana. Tukaona kwa macho yetu. Juu palikuwa na majani mabichi kidogo. Chini palikuwa na udongo. Katikati palikuwa na tandiko la mashina makavu na mizizi iliyokufa, unene wake sentimita 5. Maji yetu ya kila jioni yalikuwa yakiishia humo. Nayo mizizi iliyo hai, badala ya kushuka udongoni, ilikuwa ikitambaa ndani ya tandiko lile. Ndiyo sababu jua kidogo tu liliyachoma majani.

Wapendwa, kuna mambo matatu tuliyojifunza.

La kwanza, tandiko lile halikutoka nje. Halikuwa magugu, wala adui hakulileta usiku. Ni majani yale yale ya jana na ya juzi, yaliyokufa haraka kuliko yalivyoweza kuoza. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mafarisayo. Desturi zao hazikuanza kwa nia mbaya. Walitaka kuilinda sheria ya Mungu. Lakini desturi ilipandana juu ya desturi, hata mtu akaweza kusema kwamba mali yake ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, kisha akawaacha baba yake na mama yake bila msaada. Neno la Mungu lilinyesha juu yao, lakini halikufika udongoni. Na sisi je? Mkutano ule uliompunguzia mzee siku zake tuliufungua kwa sala, tukaufunga kwa sala. Kumbukumbu zake ziliandikwa vizuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza jinsi mzee yule atakavyolisha nyumba yake.

La pili, si kila tandiko ni baya. Likiwa jembamba, kama sentimita moja hivi, linahifadhi unyevu na kuukinga udongo na jua kali. Vivyo hivyo hatusemi Kitabu cha Sala kitupwe, wala vitambaa vya Umoja wa Mama, wala taratibu tulizorithi kwa wazee wetu. Tunauliza jambo moja tu: je, maji bado yanapita?

La tatu, dawa yetu ndiyo iliyozidisha ugonjwa. Mbolea nyingi iliyasukuma majani yakue mbio, na mashina yakarundikana. Maji machache ya kila siku yaliifundisha mizizi kukaa juu juu. Mkristo anaweza kuongeza kamati, makongamano na mahubiri, na bado akakauka, kwa sababu kilichohitajika ni toba.

Basi tulifanyaje? Tulingoja mvua za masika, maana ukikwangua wakati wa kiangazi utaua hata kilichobaki. Tukafyeka majani yawe mafupi. Tukachukua reki za chuma, tukavuta kwa nguvu upande huu, kisha tukakatiza upande wa pili. Tukatoa wilbaro baada ya wilbaro, tukazipeleka kwenye shimo la mboji. Tukatoboa udongo kwa jembe la meno, tukatandaza juu yake udongo laini uliochanganywa na mboji, safu nyembamba tu. Uwanja ukawa mbaya kwa kutazama, mwekundu, wenye madoa kama kichwa kilichonyolewa ovyo. Arusi mbili zilifanyika hapo nasi tukaona haya. Lakini majani haya yana mashina yaliyofichika chini ya ardhi, na baada ya majuma kadhaa yakachipua, mizizi ikishuka chini.

Wengi wenu mwajua habari za Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929, huko Namirembe, Kampala, Daktari Joe Church aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi. Hao hawakuwa wapagani. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa. Hata hivyo waliketi wakasoma Biblia na kuomba pamoja, wakitafuta walichopungukiwa. Moto ule ulienea, na mwaka 1937 ndugu kutoka Rwanda walikuja Kabete hapa Kenya. Ulianza kwa watu waliokubali kukwanguliwa.

Nasi, kabla ya reki kuugusa uwanja, ilitubidi kwenda nyumbani kwa yule mzee. Tulikwenda, kasisi na wazee wa kanisa. Tulimwambia wazi kwamba tulimwonea. Tulimrudishia siku zake, na mshahara tuliokuwa tumemkata. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Nimesikia, Kasisi. Mvua inakaribia. Reki ziko wapi?"

Mpendwa msikilizaji, juma hili usiongeze kitu. Chukua kisu cha Neno, ukate kipande kidogo cha maisha yako, ukitazame. Kama kuna mtu uliyemwonea huku ukiimba tenzi, usimngoje aje kwako. Nenda kwake leo. Utaonekana mbaya kwa muda machoni pa watu, lakini mizizi yako itapata udongo.

Tuombe. Baba wa mbinguni, twakiri kwamba tumekuwa kijani juu na wakavu ndani. Utuondolee kila kilichokufa kinachozuia Neno lako. Utupe moyo wa kuwaendea wale tuliowakosea, na mvua yako itufikie hata chini. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.