Setilaiti ya Uhuru na Galaksi Zenye Minyiri

Taa ndefu za mulika mwizi katika mitaa kama Kibera na Kawangware hufifisha nyota machoni pa wakazi, isipokuwa stima inapopotea, ijapokuwa Nairobi, iliyo takriban digrii 1 tu kusini mwa Ikweta, imejaliwa kuona anga ya kaskazini na ya kusini pia. Katika anga hiyo zimo galaksi: kila moja ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, pamoja na gesi na vumbi, ulioshikamanishwa na nguvu ya mvutano. Nyingi zina umbo la sahani au la yai, lakini zipo zilizoharibika umbo.

Sababu inayotajwa zaidi ni kugongana. Galaksi ya Gurudumu, iliyo umbali wa takriban miaka-nuru milioni 500, yaani mwendo wa nuru kwa miaka hiyo yote, ilipata pete yake baada ya galaksi ndogo kuipenya, ingawa nyota zenyewe hazigongani, kwa kuwa zimeachana mno.

Maelezo hayo hayatoshi kwa galaksi zote, na ushahidi wa sababu nyingine ulianzia pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru, jina lililoistahili. Ilikuwa ya kwanza kutengewa uchunguzi wa eksirei za angani, ambazo angahewa huzizuia zisifike ardhini, nayo ilibaini kwamba makundi ya galaksi, likiwemo la Coma, hutoa eksirei katika eneo pana. Chanzo chake ni gesi nyembamba yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, iliyotanda baina ya galaksi.

Mwaka 1972 wanaastronomia James Gunn na Richard Gott walieleza kwamba galaksi inayotumbukia kwa kasi katika gesi hiyo hukumbana na shinikizo linaloing'oa gesi yake, huku nyota, zilizo nzito na zilizoshindiliwa mno, zikibaki mahali pake. Ndipo hupatikana galaksi zinazofananishwa na yavuyavu, kiumbe laini wa baharini mwenye minyiri inayoning'inia. Mojawapo ni ESO 137-001, katika kundi la Norma, anga ya kusini: sahani yake ingali nzima, lakini nyuma yake unaburuzika mkia wa gesi wa zaidi ya miaka-nuru 200,000, ambamo nyota changa huzaliwa. Gesi ikiisha, galaksi hiyo haitakuwa na malighafi ya kuunda nyota mpya, ilhali zilizozaliwa mkiani zitaweza kubaki zikizurura ndani ya kundi, pasipo galaksi ya kuzimiliki.