Nani Amefungua Faili Yako? Mazungumzo kuhusu Akaunti za Wafanyakazi na Seva ya Faili

Haya ni maandishi ya mazungumzo kwa wananchi kuhusu jinsi ofisi za umma zinavyoweza kutunza na kugawana faili kwa kutumia seva za programu huria.



Wengi walioko hapa wamewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi na kuambiwa, "Faili haionekani, rudi kesho." Wakirudi kesho wanaambiwa kwamba afisa aliyekuwa nayo amehamishwa. Zamani faili hiyo ilikuwa ya karatasi na ilikaa kabatini. Siku hizi faili nyingi zimo ndani ya kompyuta, lakini mara nyingi jibu la dirishani ni lilelile. Kompyuta zililetwa, utaratibu wa kuzitumia ukabaki nyuma.

Chukueni mfano wa mama mwenye kibanda cha mboga sokoni. Amelipia leseni ya biashara na risiti anayo. Karani aliliandika jina lake katika orodha iliyo kwenye kompyuta ya mezani. Karani mwingine alikuwa ameinakili orodha hiyo kwenye flashi ili aendelee nayo katika ofisi ya kaunti ndogo. Nakala ya tatu, iliyotolewa kabla mama hajalipa, ikatumwa kwa simu kwa askari wa kaunti. Basi asubuhi askari wanafika sokoni na orodha isiyo na jina lake. Mama amelipa, ila kwa orodha ile yeye ni mdaiwa, na siku hiyo kibanda hakifunguliwi.

Na hata kama jina lake lilikuwemo kisha likafutwa, nani atajua aliyelifuta? Ikiwa makarani wanne wanatumia nywila moja, iliyoandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa kando ya kioo cha kompyuta, basi lolote litakalofanyika limefanywa na wote wanne, na kwa hiyo halikufanywa na yeyote.

Tatizo hili lina dawa, nayo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kila mfanyakazi kuwa na akaunti yake mwenyewe, inayotunzwa mahali pamoja. Ya pili ni faili za ofisi kukaa kwenye seva moja badala ya kutawanyika mezani, mifukoni na kwenye simu.

Saraka na tiketi

Moyo wa mpango huu ni saraka. Saraka ni kama daftari la wafanyakazi: ina jina la kila mmoja, idara yake na vikundi alivyomo. Kompyuta za ofisini hazitunzi tena majina ya watu kila moja kivyake. Mfanyakazi akiandika jina na nywila yake, kompyuta huiuliza saraka kama mtu huyo yumo na anaruhusiwa nini. Lugha inayotumika kuuliza saraka huitwa LDAP, na mojawapo ya programu huria zinazofanya kazi hiyo ni OpenLDAP, iliyoanzishwa mwaka 1998 juu ya kazi ya awali ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani.

Kazi ya kuthibitisha kwamba mtu ndiye hufanywa na mfumo wa Kerberos, uliobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani. Kerberos haipeleki nywila huku na huko kwenye mtandao. Mfanyakazi akithibitishwa asubuhi, kompyuta yake hupewa tiketi yenye muda maalumu, mara nyingi saa 10. Akitaka kufungua folda fulani, inayoonyeshwa ni tiketi. Tiketi ikiisha muda, haifai tena, hata kama mtu mwingine ameidaka njiani.

Kwa sababu tiketi zina muda, saa za kompyuta zote lazima zilingane. Zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, kwa kawaida mfumo humkatalia mtu kuingia. Karani anaweza kudhani kwamba nywila imeharibika, kumbe ni saa ya kompyuta iliyorudi nyuma baada ya betri yake ndogo ya ndani kuisha. Kwa hiyo kompyuta zote huelekezwa zichukue saa kutoka mahali pamoja.

Samba na folda za pamoja

Programu huria inayojulikana sana kwa kugawana faili ni Samba. Ilianza takriban mwaka 1992 nchini Australia, Andrew Tridgell alipotaka kompyuta yake ndogo iweze kusoma faili zilizokuwa kwenye mashine kubwa ya aina nyingine. Mwezi Desemba 2012 lilitoka toleo la 4.0, na tangu hapo Samba inaweza pia kusimamia akaunti kwa namna ambayo kompyuta za Windows zinaielewa. Hili ni jambo kubwa kwa ofisi za umma. Karani aliyezoea Windows anaendelea na kompyuta yake ileile. Kinachobadilika ni kile kilichoko nyuma, katika chumba cha seva.

Kwenye seva, folda hupangwa kwa kazi: folda ya leseni, folda ya basari, folda ya ardhi, folda ya zahanati. Ruhusa hutolewa kwa kikundi, kisha mtu akaingizwa katika kikundi hicho. Ruhusa ifuate kiti, isimfuate mtu. Karani wa leseni akihamishiwa afya, anatolewa kikundi kimoja na kuingizwa kingine, na siku hiyohiyo folda ya leseni inamfungia mlango. Akistaafu, akaunti yake inafungwa lakini faili zinabaki, kwa sababu tangu mwanzo zilikuwa za ofisi. Aliyechukua nafasi yake anazikuta palepale. Lile neno la "aliyekuwa nayo amehamishwa" linakosa pa kusimama.

Si kila mtu wa kikundi apewe uwezo sawa. Wengine wanahitaji kusoma tu. Askari wa sokoni, kwa mfano, anahitaji kuiona orodha ya leseni kama ilivyo asubuhi hiyo, lakini hana sababu ya kuibadilisha. Na faili za wagonjwa hazimhusu karani wa leseni hata kidogo.

Samba pia inaweza kuandika kumbukumbu ya matukio: akaunti gani ilifungua faili gani, ikaibadilisha, ikaipa jina jipya au kuifuta, na saa ngapi. Hapo ndipo swali la mama wa mboga linapopata jibu. Lakini kuna masharti mawili. Kwanza, kumbukumbu hiyo inajua akaunti tu. Vidole vilivyobonyeza haivioni. Afisa anayemwachia mwenzake nywila amemwachia pia saini yake. Pili, kumbukumbu itumwe kwenye seva nyingine inayosimamiwa na mtu mwingine. Fundi mmoja akiwa na funguo zote, anaweza kufanya kosa na kulifuta pia.

Je, ni bure?

Programu huria ni programu ambayo leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuisoma ilivyoandikwa, kuirekebisha na kuigawa. Ofisi hailipi ada ya leseni kwa kila mtumiaji anayeongezwa. Pia haifungwi kwa kampuni moja: mkataba wa fundi ukiisha, fundi mwingine anaweza kuendelea, mradi mpango wote umeandikwa vizuri.

Hata hivyo, wahenga walisema rahisi ghali. Seva inahitaji mashine, umeme, chumba chenye kufuli na, zaidi ya yote, watu wenye ujuzi. Pesa isiyokwenda kwenye leseni inapaswa kwenda kwenye mafunzo, la sivyo mradi utakufa.

Jiji la Munich nchini Ujerumani lina funzo hapa. Mwaka 2003 baraza la jiji hilo liliamua kuhamia programu huria, na kufikia mwaka 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Katika mjadala huo yalisikika malalamiko ya wafanyakazi, ugumu wa kubadilishana hati na ofisi nyingine, na kasoro za mpangilio wa idara za teknolojia zenyewe. Mashine zinaweza kufanya kazi na mradi bado ukakwama, ikiwa watumiaji hawakuandaliwa na viongozi hawakubaki na nia moja.

Wala programu huria si kinga dhidi ya kasoro. Mwezi Mei 2017 iligunduliwa kasoro kubwa ndani ya Samba, iliyokuwa imekaa humo tangu toleo la 3.5 la mwaka 2010. Ilimwezesha mtu mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda kuendesha programu yake ndani ya seva. Marekebisho yalitolewa mwezi huohuo. Aliyesasisha seva yake alikuwa salama, na aliyeiweka kisha akaisahau alibaki na mlango wazi.

Umeme ukikatika

Kuweka vitu vyote mahali pamoja kuna hatari yake: pakiharibika, pote pameharibika. Kwa hiyo saraka hukaa kwenye seva mbili au zaidi, ikiwezekana katika majengo tofauti, zinazopeana habari zenyewe. Moja ikizima, nyingine inajibu. Kompyuta za ofisi za mbali pia zinaweza kupangwa zimkumbuke mfanyakazi aliyewahi kuingia, ili mtandao ukikatika aendelee na kazi isiyohitaji seva.

Kuhusu faili, hakuna mbadala wa nakala za akiba. Nakala zichukuliwe kila siku, na angalau moja ikae nje ya jengo, imefungwa kwa siri ili atakayeiiba asiweze kuisoma. Kisha, mara kwa mara, faili moja irudishwe kutoka kwenye nakala hiyo ili kuthibitisha kwamba inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Haki ya mwananchi

Jambo hili si la mafundi peke yao. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, pamoja na haki ya kutaka habari zisizo za kweli kumhusu zirekebishwe au zifutwe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari mapema iwezekanavyo, bila kupita siku 21. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zilindwe. Zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa mwenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72.

Ofisi ambayo faili zake zimetawanyika kwenye flashi na simu itatimizaje haya? Haiwezi kurekebisha orodha ambayo haijui iko wapi, wala kutoa taarifa ya wizi ambao hauna habari nao.

Kwa hiyo, katika vikao vya kushirikisha umma kuhusu bajeti, fungu la kompyuta likitajwa, mwananchi yeyote anaweza kusimama na kuuliza:

1. Je, kila mfanyakazi ana akaunti yake, au wanatumia nywila moja?
2. Mfanyakazi akihamishwa au akiacha kazi, akaunti yake inafungwa baada ya siku ngapi?
3. Kumbukumbu ya waliofungua faili inatunzwa wapi, na nani anaikagua?
4. Nakala za akiba zilijaribiwa mara ya mwisho lini?
5. Ni kiasi gani kimetengwa kwa mafunzo na kusasisha seva, mbali na kununua mashine?

Hakuna hata swali moja hapo linalohitaji ujuzi wa kompyuta. Ni maswali yaleyale ambayo mtu angeuliza kuhusu funguo za ghala la mahindi: nani anazo, nani aliingia, na kilichotoka kiliandikwa wapi.

Mama wa mboga hahitaji kujua Kerberos ni nini. Anachohitaji ni orodha moja iliyo sahihi, na jina lake likikosekana humo, afisa aliye dirishani aweze kutazama, kuona lilitoka lini na kwa akaunti ya nani, na kulirudisha kabla soko halijafungwa.