Chai iliyozaa mkutano



Kwenye vikao vyetu dada akifika anaulizwa kwanza, "Chai tayari?" Leo naongelea chai nyingine, na siyo "chai" ya kijiweni, ni historia.

Julai 9, 1848, wanawake watano walikaa mezani kwa Jane Hunt, mji wa Waterloo, jimbo la New York, wakinywa chai. Elizabeth Cady Stanton akatoa dukuduku lake lote kuhusu hali ya mwanamke. Wangeweza kuguna, wakamaliza vikombe, wakaenda zao. Hapana. Waliandika tangazo la mkutano, wakalipeleka gazetini. Siku kumi baadaye, Seneca Falls, walijitokeza watu kama 300. 100 wakasaini azimio, wanaume 32 wakiwemo. Hoja ya kura ilipita kwa shida, na iliingia kwenye Katiba ya Marekani mwaka 1920. Miaka 72!

Sisi malalamiko tunayo, vijiweni na WhatsApp. Kinachokosekana ni tarehe, mahali na mtu wa kusimamia. Na chai tuandae kwa zamu, kaka nao wamo, ili dada awepo mezani tangazo linapoandikwa.