Uvivu au Ugonjwa? Mazungumzo juu ya Tezi ya Shingo

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Natta, Wilaya ya Serengeti)



Daftari la chama huonyesha mengi, lakini halionyeshi sababu inayomfanya mwanachama arudi nyuma. Huonyesha tu kwamba fulani, aliyekuwa wa kwanza kuleta pamba yake ghalani, sasa huja wa mwisho. Na kwamba mama aliyekuwa mwepesi wa kupalilia hahudhurii tena kazi ya pamoja. Majirani hawakosi la kusema. Huyu atasema ni uvivu, yule atasema ni uzee, na wa tatu atanong'ona kwamba mtu huyo amelogwa. Yawezekana wote watatu wamekosea, na kwamba tezi yake ya shingo imepungukiwa na nguvu.

Tezi hiyo iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Kazi yake ni kutoa homoni inayopanga kasi ya kazi za mwili: mapigo ya moyo, joto, uyeyushaji wa chakula, hata wepesi wa kufikiri. Homoni hiyo ikipungua, kila kitu hupungua mwendo. Mgonjwa huchoka hata baada ya kulala usiku kucha. Huhisi baridi wakati wenzake wanatafuta kivuli. Mtu wa Natta anayejifunika shuka saa sita mchana, bila homa, ana jambo la kuchunguzwa. Ngozi hukauka, nywele hunyonyoka, choo huwa kigumu, sauti hukwaruza, uso huvimba, uzito huongezeka ingawa chakula hakikuongezeka, na kumbukumbu hufifia. Kwa wanawake, ambao hupatwa zaidi kuliko wanaume, damu ya mwezi inaweza kuwa nyingi na mimba ikachelewa kushika.

Hata hivyo, dalili hizi si hati ya ushahidi. Uchovu huletwa pia na upungufu wa damu, kisukari, mimba, au huzuni ya muda mrefu. Wala uvimbe wa shingoni, yaani rovu, hautoshi kukata shauri. Mwenye rovu aweza kuwa na tezi inayofanya kazi sawasawa, na mwenye shingo nyororo akawa mgonjwa. Kwa hiyo anayejitangazia ugonjwa huu mwenyewe hana tofauti na anayemtangazia mwenzake uvivu: wote wamehukumu bila kupima.

Kipimo ni cha damu, na huitwa TSH. Maana yake ni rahisi kwa mtu wa ushirika kuielewa. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayoiamrisha tezi ya shingo, kama Chama Kikuu kinavyokiandikia chama cha msingi. Chama cha msingi kisipotimiza kazi yake, barua za kukihimiza huongezeka. TSH ndizo barua hizo. Zikiwa nyingi mno katika damu, na homoni ya tezi ya shingo yenyewe ikiwa pungufu, ugonjwa umethibitika. Lakini pengine mwenye kuandika barua ndiye aliyeumia. Mwanamke aliyetokwa na damu nyingi mno wakati wa kujifungua, kisha maziwa yakakataa kutoka na hedhi isirudi, sharti amweleze daktari historia hiyo, kwa sababu kwake TSH peke yake inaweza kudanganya.

Kipimo hiki hakifanyiki katika kila zahanati. Mwanachama wa Natta Mbiso au Motukeri na aanzie zahanati iliyo karibu, aeleze dalili zote na tangu lini zilipoanza, ataje dawa anazotumia na kama kuna ndugu mwenye ugonjwa wa tezi, kisha aulize waziwazi: je, tezi yangu ya shingo inaweza kupimwa wapi? Kabla ya kufunga safari ya Mugumu, ya Musoma, au ya Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, na aombe barua ya rufaa, na ahakikishe kwamba kipimo kinapatikana huko na gharama yake ni kiasi gani. Majibu yaandikwe na yatunzwe. Kuuliza si ujinga.

Taifa letu linaifahamu tezi hii tangu zamani. Katika miaka ya 1980, kiasi cha robo ya watoto wa shule waliopimwa walikuwa na rovu kwa ukosefu wa madini joto. Vidonge vya mafuta yenye madini hayo viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 sheria ikaagiza chumvi itiwe madini joto. Kufikia mwaka 2004 kiwango hicho kilishuka hadi kiasi cha asilimia 7. Chumvi hiyo ni kinga ambayo kila nyumba inapaswa kuwa nayo, hasa nyumba yenye mama mjamzito, maana ukosefu wa madini joto unaweza kudumaza akili ya mtoto tumboni. Lakini si dawa ya kila tezi iliyolegea. Wagonjwa wengi tezi zao hushambuliwa na kinga ya mwili wao wenyewe, na kuongeza chumvi hakuwasaidii.

Dawa ipo. Mwaka 1891, mjini Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimtibu mwanamke wa miaka 46 kwa maji ya tezi ya kondoo. Mama huyo aliishi hadi umri wa miaka 74. Siku hizi ni kidonge cha levothairoksini, kinachomezwa kila siku kwa maji kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu vimezwe saa nne baadaye, visije vikakizuia. Damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane ili kipimo cha dawa kirekebishwe. Wengi huitumia maisha yao yote, na kupata nafuu si ruhusa ya kuiacha.

Basi, Ndugu Makatibu, kabla ya kuandika onyo dhidi ya mwanachama aliyelegea, na aitwe kando kwa heshima aulizwe hali yake, na siri yake itunzwe. Kamati inaweza kuazimia kumsaidia nauli ya kwenda kupimwa, na wenzake wakamshikia jembe siku hizo. Waliotangulia walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtu huficha maradhi pale anapojua kwamba atachekwa. Chama kisichocheka ndicho kitakachomfikisha mwanachama wake kwenye kipimo.