Jina Lenye Ng': Kutafuta Hitilafu za Herufi na za Ufikishaji katika Barua Pepe Zinazotumwa kwa Java

Mada ya semina ya waandaaji programu, Chanji, Sumbawanga

 

Naomba nianze na jina la mtu. Baada ya msimu mmoja wa mahindi, chama cha ushirika nilichokiandikia programu kilituma taarifa za mauzo kwa wanachama wenye barua pepe. Siku chache baadaye mzee mmoja alipanda mlima kutoka bondeni, upande wa Muze, akaulizia mpaka akanipata hapa Chanji. Nilidhani amekuja na hoja ya kilo au ya bei. Akanipa simu yake nisome mstari wa kwanza. Jina lake la ukoo linaanza kwa Ng'w, kama majina mengi ya ndugu zetu Wasukuma walioingia na mifugo katika Bonde la Ziwa Rukwa. Kwenye barua yetu liliandikwa Ng, ikafuata alama ya kuuliza, ndipo ikaja w. "Mwanangu," akasema, "hapa mnaniuliza kama huyu ni mimi?"

Nilimwomba radhi. Kisha nikafanya jambo ambalo leo nataka tuliache: nilirudi kwenye kompyuta nikaanza kubadilisha mipangilio kwa kubahatisha. Badilisha, tuma, angalia; badilisha tena. Siku mbili zikapita. Na jibu lilikuwa ndani ya barua ileile aliyonionyesha mzee, kwa kuwa hitilafu ya barua pepe huacha nyayo, na nyayo zake zinasomeka. Ile alama ya kuuliza ilikuwa inasema wazi kosa liko upande gani, ila mimi sikuisoma.

Ritifaa

Kwa kuwa Kiswahili hakiandikwi kwa herufi zenye vikofia wala vidoti, wengi wetu tunaamini usimbaji wa herufi ni tabu ya Wafaransa na Waarabu. Lakini tunayo ritifaa, ile alama inayokaa juu baada ya ng, na alama hiyo inabeba maana. Ngara ni wilaya mkoani Kagera. Ng'ara ni kumeta. Ngoa ni tamaa. Ng'oa ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake. Ukitaka kuandika Nyang'hwale ya mkoa wa Geita bila ritifaa, umeandika mahali pengine.

Ritifaa iliyonyooka, ile unayoibonyeza kwenye kibodi, ni namba 39 katika ASCII na haina matatizo ya usimbaji popote. Tatizo huja karani anapoandika orodha ya wanachama katika Word. Word huigeuza ikawa ritifaa iliyopinda, na simu za iPhone hufanya vilevile. Kwa macho ya binadamu ni alama ileile. Kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa: katika Unicode ni U+2019. Ikiandikwa kwa UTF-8 inachukua baiti tatu, E2 80 99. Katika Windows-1252 ni baiti moja, 92. Katika ASCII na ISO-8859-1 haina nafasi hata kidogo. Orodha moja ya wanachama, iliyoandikwa na makarani wawili, inaweza kuwa na ritifaa za aina zote mbili, na hapo ndipo utasikia kwamba barua za baadhi ya watu ni nzima na za wengine zimeharibika.

Sasa tusome nyayo. Ukiona alama ya kuuliza ya kawaida mahali pa ritifaa, maana yake Java ilikuwa na herufi sahihi mkononi, ikaamriwa kuiandika katika seti ya herufi isiyoijua, ikaweka "?" badala yake. Herufi imepotea kwa mtumaji, na hakuna mpangilio wa upande wa mpokeaji utakaoirudisha. Usimsumbue mzee wa Muze na simu yake.

Ukiona ’ hali ni tofauti, na ni afadhali. Baiti zote tatu zimefika salama, lakini kuna aliyezisoma mojamoja kama Windows-1252: E2 ikawa â, 80 ikawa €, 99 ikawa ™. Hapo hakuna kilichopotea. Tafuta msomaji aliyekosea. Wakati mwingine utaona â peke yake. Ni kosa lilelile, ila msomaji alitumia ISO-8859-1, ambamo baiti mbili zilizobaki ni herufi za udhibiti zisizoonekana. Ile almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani, �, ni kinyume chake: mtu ameisoma kama UTF-8 ile baiti 92 ya Windows.

Na ukiona Ng&#39;w usihangaike na usimbaji hata dakika moja. Hapo maandishi yameandaliwa kwa ajili ya HTML, kisha yakatumwa kama maandishi ya kawaida, au yameandaliwa mara mbili.

Kwa majaribio mimi hutumia jina la marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki Mei 2025, nikiliandika kwa ritifaa iliyopinda. Jina hili ni kipimo kizuri kuliko programu nyingi za kupimia. Herufi ũ na ĩ hazimo katika Windows-1252, lakini ritifaa iliyopinda imo. Kwa hiyo barua ikitoka Ng?g? wa Thiong?o, mashine imeandika kwa ASCII au ISO-8859-1. Ikitoka Ng?g? wa Thiong’o, ritifaa ikiwa nzima, imeandika kwa Windows-1252. Ikitoka NgÅ©gÄ© wa Thiong’o, imeandikwa vizuri kwa UTF-8 na imesomwa vibaya. Jina moja, majibu matatu. Wenzangu wanaojaribu kwa majina ya wafanyabiashara wa Kongo, wale wa Moba na Kalemie wanaovusha mizigo kupitia bandari ya Kasanga, huishia kudhani mambo yako sawa, kwa sababu é ya Kifaransa inakubalika katika Windows-1252 na hupita kimya.

Ndani ya Java

Neno likiwa ndani ya String liko salama, kwa kuwa Java huhifadhi Unicode. Hatari iko mlangoni, linapoingia na linapotoka. Programu yangu ilikuwa na mstari huu:

barua.setText(ujumbe);

Maktaba ya JavaMail ikikutana na mstari huo hukagua maandishi. Yakiwa ya ASCII matupu huandika us-ascii. Yakiwa na herufi nyingine, hutumia seti ya herufi ya kawaida ya mashine ile. Kompyuta yangu ya Windows seti yake ilikuwa Windows-1252, kwa hiyo ritifaa iliyopinda ilipita. Seva ya Linux ilikuwa haijawekewa lugha yoyote, na Java ya zamani katika hali hiyo huangukia ASCII. Kwangu inafanya kazi, kwenye seva inaharibika: sote hapa tumewahi kuyasema maneno hayo. Tangu Java 18, iliyotoka Machi 2022, seti ya kawaida ni UTF-8 kwenye mashine zote, lakini seva nyingi bado zinaendesha Java 8, basi tamka mwenyewe:

barua.setText(ujumbe, "UTF-8");
barua.setSubject(kichwa, "UTF-8");
new InternetAddress(anwani, jina, "UTF-8");

Ule mstari wa tatu ndio unaosahaulika kuliko yote. Nimeona barua zenye mwili safi na kichwa safi, lakini jina la mpokeaji limeliwa.

Kama ukishatamka UTF-8 kote bado jina ni bovu, basi liliharibika kabla ya kufika kwenye barua. Hapo usikisie. Chapisha namba za herufi, kituo kwa kituo:

jina.codePoints().forEach(k -> System.out.printf("%04X ", k));

Jina la mzee wetu linapaswa kuanza 004E 0067 2019. Ukikuta 003F mahali pa 2019, herufi ilishakufa nyuma, labda kwenye kanzidata. Ukikuta 00E2 20AC 2122, faili la UTF-8 limesomwa kama Windows-1252. Mara nyingi utakuta FileReader iliyofunguliwa bila kutajiwa seti ya herufi. Kabla ya Java 11 hata nafasi ya kuitaja haikuwepo, ilibidi utumie InputStreamReader. Ndugu zake ni getBytes() na new String() zenye mabano yasiyotaja seti. Pitia kodi yako yote, uziwinde.

Kuna dawa moja naipinga kwa moyo wote: kuifuta ritifaa. Waandaaji programu wengine huifuta kwa sababu iliwahi kuvunja amri ya SQL waliyoiunga kwa kujumlisha maneno. Amri hiyo ilikuwa mbovu na ya hatari tangu mwanzo; tumia PreparedStatement. Kuigeuza ritifaa iliyopinda iwe iliyonyooka unapohifadhi ni sawa, na kunasaidia kutafuta majina. Kuiondoa ni kumbadilishia mtu jina bila ruhusa yake.

Barua iliyotumwa isiyofika

Msimu uliofuata majina yalikuwa mazuri, lakini barua nyingi hazikufika. Programu iliandika "imetumwa" mbele ya kila jina. Transport.send ikimaliza bila kulalamika, inathibitisha jambo moja tu: seva ya kwanza imeupokea mzigo. Ni kama kumkabidhi kondakta bahasha pale stendi. Umeikabidhi, lakini haijafika.

Tuliwasha mail.debug tukaona mazungumzo yote na seva ya kwanza: hakuna kosa. Kosa lilikuwa mbele, na taarifa za kukataliwa zilikuwa zinarudi kwenye kikasha ambacho hakuna mtu aliyekifungua. Tulipokifungua, sababu ilikuwa imeandikwa humo. Katibu wa chama, kama viongozi wengi wa vyama vyetu, alikuwa anatumia anwani ya Yahoo tangu zamani, na mimi niliiweka kama anwani ya mtumaji, huku barua zikitoka kwenye seva yetu. Tangu Aprili 2014 Yahoo imetangaza kupitia DMARC, sera ya uthibitisho wa barua, kwamba barua inayodai kutoka kwake bila kuthibitika ikataliwe. Kwa hiyo wapokeaji walifanya walichotakiwa kufanya. Tulisajili jina la chama chini ya .or.tz, tukatuma kwa anwani ya chama, na anwani ya katibu tukaiweka kwenye Reply-To.

Kumiliki jina lako ni mwanzo. Februari 2024 Google na Yahoo zilikaza masharti: kila mtumaji awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake) au DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua), na anayetuma barua nyingi, kwa Google 5,000 kwa siku au zaidi, awe na zote mbili pamoja na DMARC. Rekodi ya SPF iwe moja tu. Ukiweka mbili, hata zote zikiwa sahihi, ukaguzi unashindwa.

Hapa nyuzi mbili za mada yangu zinakutana. Itifaki ya SMTP ilizaliwa 1982 ikibeba biti saba kwa kila herufi, na MIME ikaja miaka kumi baadaye kuipa njia ya kubeba zaidi. Barua iliyotiwa sahihi ya DKIM ikiwa na baiti za biti nane, kisha ikapita kwenye seva inayoibadilisha iwe ya biti saba, sahihi inavunjika. Mpokeaji anaona barua iliyochezewa, anaitupa kwenye barua taka. Chanzo ni ritifaa. Hakikisha mwili unasafiri kama quoted-printable au base64 kabla ya kutiwa sahihi. JavaMail huchagua yenyewe, ila wapo wanaolazimisha 8bit kwa mkono.

Kwa makosa yanayotokea palepale, soma tarakimu ya kwanza ya jibu la seva. Nne maana yake rudi baadaye: weka kwenye foleni, subiri dakika kadhaa, jaribu tena. Tano maana yake usirudi: 550 5.1.1 ni kikasha kisichokuwepo, na kukigongea kila saa kunachafua jina lako. Namba 535 ni nenosiri. Kwa Gmail, tangu 30 Mei 2022 nenosiri la kawaida halikubaliki kwa programu kama hizi, unahitaji nenosiri la programu lenye herufi 16.

Mtandao wetu nao una tabia zake. JavaMail, usipoiambia, husubiri bila kikomo. Mawasiliano yakikatika katikati, programu inaganda, na asubuhi unakuta barua ya tatu bado "inatumwa". Weka mail.smtp.connectiontimeout, mail.smtp.timeout na mail.smtp.writetimeout, mimi huweka 10000, yaani sekunde kumi. Tumia poti 587 pamoja na STARTTLS, kwa kuwa 25 imezibwa na watoa huduma wengi.

Na umeme ukikatika, kumbuka saa. Kompyuta ya ofisi yenye betri ya ndani iliyochoka huamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na Java inakataa cheti cha seva kwa kuwa, kwa saa yake, cheti hicho hakijaanza kutumika. Utasoma CertificateNotYetValidException. Tazama tarehe kwenye kona ya skrini kabla ya kugusa kodi. Kosa la "No appropriate protocol" ni jingine: masasisho ya Java ya Aprili 2021 yalizima TLS 1.0 na 1.1, na maktaba za zamani za barua zikaachwa bila lugha ya kuzungumza. Sasisha maktaba kwanza; ukishindwa, taja TLSv1.2 katika mail.smtp.ssl.protocols.

Mazoezi ya mchana

Tutaanza saa nane. Kila mmoja aje na majina matatu: lake, la jirani yake, na moja lenye ng' aliloliandika kwenye simu na si kwenye kompyuta. Tutayatuma kwa mistari ile mibovu kwanza, kisha tutafungua barua asilia na kuandika kwenye karatasi baiti zilizofika, pamoja na kituo zilipoharibikia. Asiguse mpangilio wowote ambaye hajajaza karatasi yake. Seva ya majaribio ni GreenMail, imeshawekwa kwenye kompyuta ya pale dirishani, kwa hiyo hata intaneti ikikatika tutaendelea.